Peugeot 504 iliyonyweshwa mia na arobaini: kisa cha oili ya gia boksi

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, saa moja kasoro robo asubuhi, nahangaika na kufuli la gereji huku vidole vimekufa ganzi. Anayeijua Mafinga ya Julai hahitaji kuelezwa. Gari lilisikika kabla halijaonekana kwenye ukungu. Injini inaunguruma vizuri tu, halafu dereva anatafuta gia ya pili, na chuma kinalia krrrk, kama mtu anasaga mifupa. Kimya kidogo. Krrrk tena. Kisha ikajitokeza Peugeot 504 nyeupe, stesheni wagoni, ikiingia getini na gia ya tatu huku inatetemeka karibu kuzimika, maana dereva alishaikatia tamaa hiyo ya pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umesikia mwenyewe, fundi. Mimi sina cha kuongeza."

Alikuwa nacho, tena kingi, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu imetoka mdomoni mwake na si kwenye spana zangu.

Gari lenyewe ni la 1979, viti safu tatu, gia kwenye usukani. Mzee alilinunua kwenye mnada wa magari ya serikali enzi zile na hajawahi kuliuza, ingawa wameshakuja watu na bahasha. Vijana wa leo wanaiona 504 kama kopo la zamani. Ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya, na huku kwetu ikapata heshima yake kwenye matope: Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia 1978 na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Kabla yake, dada yake mkubwa 404 alishamvusha Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, mwaka 1966 na 1967 mfululizo. Mzee anazijua tarehe hizo kuliko siku za kuzaliwa za wajukuu zake.

Historia ya ugonjwa ndiyo hii. Miezi minane kabla ya asubuhi hiyo, gia boksi ilianza kuimba. Sauti nyembamba, ya kinanda, ikisikika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha inakatika akiingiza ya nne. Akaipeleka gereji moja mjini. Fundi wa huko akasikiliza, akasema beringi zimeanza kuchoka lakini hakuna haja ya kushusha gia boksi, kuna dawa rahisi. Akamwaga oili iliyokuwemo, akajaza 85W-140, ile nzito kabisa. Mzee akaondoka na gari kimya kama limelala. Akafurahi. Ilikuwa Novemba, joto lipo, na wiki hiyo hiyo alikuwa anateremka Morogoro kwa harusi. Hakuona tatizo lolote.

Tatizo likaja na Mei. Kwanza gia ya kwanza ikawa inagoma kuingia asubuhi mpaka asukume kwa mkono mzima. Kisha ikaja hiyo krrrk ya kushusha kutoka ya tatu kwenda ya pili. Juni akawa anaondoka nyumbani nusu saa mapema ili "gari lipate moto". Na hapo ndipo aliposema neno lililonifanya niache kufikiria klachi: "Nikishafika karibu na Ifunda huwa imeshapona. Inaingia yenyewe kama siagi."

Kitu kinachopona kwa joto. Ringi ya sinkronaiza (kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajakutana) iliyokwisha haiponi kwa joto, na mara nyingi oili ikiwa nyepesi ndiyo inazidi kukwaruza. Klachi isiyoachia vizuri nayo haijali asubuhi wala mchana. Kinachobadilika kiasi hicho kati ya Mafinga na Ifunda, ndani ya gia boksi, ni kimoja.

Hata hivyo nilipima, kwa sababu nimeshaaibika mara nyingi kwa kuamini pua yangu. Kipimo cha klachi ni rahisi na hakihitaji kufungua chochote. Gia ya rivasi haina sinkronaiza. Injini ikiwa inazunguka taratibu, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi kumi, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi inaburuza. Ya mzee iliingia bila sauti. Tena, na hili lilinichekesha, iliingia bila sauti hata nilipoacha kuhesabu kabisa. Kwa gari lisilo na hitilafu, ukikanyaga klachi shafti huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa kabla haijatulia. Hapa ilisimama papo hapo, kana kwamba kuna mtu ameishika kwa mkono. Oili yenyewe ilikuwa breki.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini gia zilikuwa zinalia kwa kushuka kuliko kwa kupanda. Unapopanda kutoka ya pili kwenda ya tatu, sinkronaiza inatakiwa kupunguza mwendo wa shafti, na oili nzito inaisaidia, wakati mwingine hata kupita kiasi. Unaposhuka kutoka ya tatu kwenda ya pili ni kinyume: ile ringi ndogo ya shaba inatakiwa kuikamata shafti na gia zake zote na kuziongezea mwendo, huku zimezama kwenye kitu kizito kama uji wa ulezi uliopoa. Juu ya hapo ringi ina mifereji midogo ya kukata oili iliyo kwenye koni ili shaba iguse chuma. Oili ikiwa nzito haikatiki kwa wakati. Mkono wa dereva umeshasukuma, ringi haijashika, meno yanagongana.

Viungo vya gia ya usukani nilivikagua pia. Bushi moja ya mpira ilikuwa imekula, nikaibadilisha, lakini kwa bushi ile peke yake mtu angelalamika kwamba liva inalegalega, basi.

Tukaipandisha kwenye stendi. Wanafunzi wangu nawafundisha: fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Siku nati ya kujazia ikigoma na umeshamwaga oili yote, gari litalala kwako na mwenye gari atalala mlangoni. Ilifunguka. Nilipolegeza ya chini, hakuna kilichotoka. Nikaitoa kabisa. Ikachungulia oili, ikavimba kwenye tundu kama tone la asali kwenye ncha ya kijiko, ikaning'inia, ndipo ikaanza kushuka kwa uzi mnene usiokatika. Gia boksi ile inabeba zaidi kidogo ya lita moja, na tulikunywa chai na maandazi, tukapiga stori za bei ya mbao, na bado uzi ulikuwa unashuka.

Harufu ilikuwa ile ya kiberiti na mayai viza, ambayo kila aliyefungua difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma, anaijua. Nikachota kidogo kwenye mfuniko mweupe wa ndoo na kumulika tochi. Ndani kulikuwa na chembe za njano zinazometa, laini kama unga. Sumaku haikuzivuta. Ni shaba ya ringi. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwepo.

"Hiyo ni dhahabu ya Chunya," mzee akasema, na hakucheka.

Sasa ikaja sehemu iliyochukua muda kuliko kumwaga oili. Mzee ana kitabu cha gari, kile kilichokuja nalo, kimekaa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya dashibodi tangu mwaka huo wa 1979. Nikamwomba. Kwenye ukurasa wa vilainishi kimeandika waziwazi: difu iwekwe oili ya haipoidi, na gia boksi iwekwe oili ya injini. Oili ya injini, daraja lile lile linaloingia kwenye injini.

Mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Wamekosea kuchapa."

Sikumlaumu. Kwa lugha yetu ya gereji tunaita "oili ya gia" kitu chochote kizito chenye harufu ya kiberiti, na jina hilo limeshatuamulia mambo. Kama ni oili ya gia, itawekwa wapi kama si kwenye gia? Nimeona mafundi wenye miaka thelathini kwenye kazi wakiapa kwamba oili ya injini ikiingia kwenye gia boksi meno yatayeyuka. Nikaangalia nje. Pale ng'ambo ya barabara walikuwa wamepaki vijana wa bodaboda, kama sita.

"Mzee, pikipiki ile ina gia ngapi?"

"Nne. Tano."

"Na gia boksi yake inajazwa oili wapi?"

Akafikiri. Bodaboda nyingi zina tundu moja tu la oili. Injini, klachi na gia vyote vinaoga kwenye beseni moja, na pikipiki inabeba magunia mawili ya mahindi mpaka Sadani kila siku. Gari dogo la Mini la Waingereza, lililotoka 1959, lilijengwa hivyo hivyo, gia boksi imekaa ndani ya sampu, yaani beseni la oili ya injini. MGB, gari lao jingine, nayo gia boksi yake hunywa oili ya injini ya 20W-50. Kwa hiyo Wafaransa hawakuwa wamekosea kuchapa.

Tofauti haiko kwenye neno "gia", iko kwenye namna meno yanavyokutana. Kwenye gia boksi ya 504 shafti ziko sambamba na meno yamelazwa kidogo. Yanakutana, yanabingirishana na kuachana. Kwenye difu ya haipoidi, pinyoni, ile gia ndogo, imekaa chini ya katikati ya krauni, ile gia kubwa ya duara, kwa hiyo jino halibingiriki tu, linateleza kwa urefu wake juu ya jino lenzie chini ya mzigo wa gari zima. Pale oili ya kawaida inakamuliwa na kutoweka, chuma kinagusa chuma. Ndiyo sababu oili ya difu huwekwa dawa ya salfa na fosforasi: sehemu ndogo inayopata moto, dawa hiyo inaungana na uso wa chuma na kutengeneza utando unaokubali kuchakaa badala ya jino. Kiberiti kile unachonusa ndicho kinga ya difu. Gia boksi ya mzee haikuwahi kukihitaji.

Halafu kuna hizi namba zinazotupoteza. Tukisikia 90 tunadhani ni zaidi ya mara mbili ya 40. Siyo. Oili za injini zinapimwa kwa kipimo kimoja na oili za gia kwa kingine, na namba za huku hazilingani na za kule. Kwenye joto la nyuzi 100, oili ya gia namba 90 inatakiwa iwe na mnato wa sentistoki 13.5 hadi chini ya 18.5. Oili ya injini namba 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3. Zinapishana! Na namba 50 ya injini, ambayo ni 16.3 hadi chini ya 21.9, inaweza kabisa kuwa nzito kuliko 90 ya gia. Lakini 140 ni kitu kingine: inaanzia 24 na kupanda hadi chini ya 32.5. Hiyo ni ikiwa ya moto. Kwenye nyuzi 40 tu, 85W-140 ya kawaida ina mnato mara tatu au zaidi ya 15W-40, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo pengo linavyozidi kupanuka. Wahandisi wa Peugeot waliitengenezea boksi ile oili ya namba 40. Mzee alikuwa akiianzisha asubuhi za Mafinga na kitu ambacho hata tundu la kumwagia lilikuwa linakikataa.

Hapa lazima nizungumzie suala la shaba, kwa kuwa ndilo wengi wanalirukia kwanza. Kopo la 140 mzee alikuwa amelitunza, anaweka misumari. Limeandikwa GL-5. Madaraja haya ni ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani: GL-4 ina dawa ya kiasi, GL-5 ina karibu mara mbili yake, na imekusudiwa difu za haipoidi zenye kazi ngumu. Salfa yenye ukali ikikutana na shaba kwenye joto, shaba inageuka rangi, na ikiendelea huliwa. Kwa hiyo hadithi inayozunguka ni kwamba GL-5 "inakula ringi", mwisho wa habari.

Nilijaribu, kwa udadisi tu. Nilichukua vipande viwili vya waya mnene wa umeme, wa shaba, nikavisugua kwa msasa mpaka viking'aa kama sarafu mpya. Kimoja nikakizamisha kwenye chupa ya ile 140, kingine kwenye oili ya injini, chupa zote mbili kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa saa tatu. Kipimo rasmi cha maabara hufanana na hiki, ila huku kwetu, karibu mita 1,900 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo nilimpunguzia adhabu mshtakiwa. Mke wangu alishasema sufuria ile isirudi jikoni. Waya wa oili ya injini ulitoka kama ulivyoingia. Wa GL-5 ulitoka umekolea rangi ya chungwa, na upande mmoja una wingu la kahawia.

Je, ndiyo ushahidi? Nusu tu. Rangi kugeuka ni uso kuguswa, siyo ringi kuliwa, na makopo mengi ya GL-5 ya siku hizi yana dawa ya kutuliza ukali huo. Zaidi ya hapo, miezi minane ya mzee anayekwenda kanisani, sokoni na shambani ni muda mfupi mno, na gia boksi yake haipati joto la kutisha. Ninavyoamini mimi, zile chembe za njano hazikutoka kwa kemia, zilitoka kwa mkono. Kila krrrk ilikuwa ringi inasukumwa kwa nguvu kabla haijakata oili. Kosa la kwanza ni uzito. GL-5 ilikuwa kosa la pili, ambalo lingedai deni lake baadaye kama gari lingeachwa miaka mitano. Watu wakiniuliza kipi kibaya zaidi, siku hizi nawauliza wanakaa wapi. Tanga au Mafinga?

Yule fundi wa kwanza sitaki kumchoma sana. Mzee aliniambia kwamba alijifunzia kazi kwenye Land Rover 109, na hapo nikamwelewa. Kwenye Land Rover za zamani, oili ya gia ya EP 90 inaingia gia boksi, inaingia transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), inaingia difu zote mbili. Kopo moja, gari zima. Ukilelewa hivyo, ni lazima uone kwamba kila chenye meno kinakula chakula kimoja. Na Kobe wa Volkswagen angemthibitishia, maana kwake difu na gia boksi viko ndani ya nyumba moja, havina budi kula sahani moja. Kosa lake halikuwa kutojua Peugeot. Alisikia beringi inalia, akaizibia sauti badala ya kuitafuta.

Tulikaa kaunta ya duka la oili, mzee, mimi na muuzaji, kuchagua. Muuzaji akaleta kwanza 80W-90 ya GL-5. Hapana, hiyo ni ya difu yake, tutarudi kuichukua. Kulikuwa na 80W-90 ya GL-4, na kama ningekuwa nimekwama porini ningeiweka bila kupoteza usingizi, ila asubuhi za Julai bado ingekuwa nzito kuliko inavyotakiwa. Kuna mtu alimwambia mzee aweke hidroliki nyekundu ya gia za otomatiki. Zipo gia boksi za mkono zilizotengenezwa kwa hiyo, lakini yake siyo mojawapo, na kwa beringi iliyokwisha kuanza kuimba ni kumwongezea mgonjwa baridi. Nikatupa jicho kwenye oili za bodaboda, zile za 4T zenye alama ya JASO MA. Hizi zinatengenezwa bila vile viungo vya kuteleza sana, kwa sababu klachi ya pikipiki inakaa ndani ya oili, na sinkronaiza nayo inataka msuguano ili ishike. Kwa 20W-40 ya namna hiyo ningekuwa nimemaliza, ila siku hiyo ilikuwepo 20W-50 tu. Zile nyepesi sana za magari mapya, 5W-30 na ndugu zake zilizoandikwa kuokoa mafuta, niliziacha kwa sababu hiyo hiyo ya utelezi.

Tukachukua 15W-40 ya kawaida, ya madini, lita mbili. Iko katikati ya madaraja ya kitabu chake, inapatikana mpaka Mgololo, na bei yake haimtishi mstaafu. Kwenye Peugeot za miaka ya baadaye wangekuandikia 75W-80 ya gia, ambayo ukiipima ikiwa ya moto inakaribia oili nyepesi ya injini, kwa hiyo wazo lao halikubadilika, lilibadilika kopo. Ila kopo hilo ungelifuata Dar.

Nilijaza mpaka ikaanza kulia machozi kwenye tundu la kujazia, nikafunga, tukaenda na kurudi Nyororo. Kesho yake nikaimwaga yote. Mzee aliguna, oili mpya hiyo! Lakini ilitoka imechafuka na kunuka kiberiti, maana 140 ilikuwa bado imeganda kwenye kuta na pembe za boksi, na oili ya injini ina sabuni yake ya kuisafisha. Ndiyo maana nilinunua lita mbili na kwa kweli ilibidi tuongeze ya tatu. Mjazo wa pili ndio uliobaki.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kwake, umande umeganda kwenye kioo. Akawasha. Akavuta liva, ya kwanza ikaingia. Tukatoka getini, ya pili, ya tatu, kisha kwenye kona ya kanisa akashusha ya pili bila hata kuangalia. Ilishuka kwa kakigugumizi kidogo, kama mtu anayekumbuka jeraha, lakini haikulia. Ringi imeshapoteza shaba, hairudi. Akaishusha tena pasipo na sababu yoyote. Na tena.

Ndipo ile sauti ya kinanda ikarudi.

Nilijua itarudi na nilimwambia mapema, lakini kuambiwa ni kitu kimoja. Tukasimama. Nikamwonyesha kwa mguu: gari limesimama, gia haijaingizwa, klachi umeiachia, sauti ipo. Kanyaga klachi, sauti inakufa. Achia, inarudi. Kwa hiyo inatoka kwenye kile kinachozunguka na injini hata gari likiwa limesimama, yaani beringi ya shafti ya klachi au za shafti ya chini. Na kwa kuwa inanyamaza gia ya nne, ambapo nguvu inapita moja kwa moja bila kuipa mzigo shafti ya chini, nilielekeza kidole chini. Oili nzito ilikuwa imeifunika sauti ile kwa miezi minane, na muda wote huo beringi iliendelea kula njia yake bila mtu kuisikia.

Mzee aliuliza kama hakuna oili ya katikati, itakayoingiza gia asubuhi na kuficha sauti mchana. Nikamwambia ipo, ni hiyo hiyo 20W-50, itapunguza sauti kidogo, lakini atakuwa analipia pazia. Akakaa kimya kwenye usukani, injini inanguruma, kinanda kinaimba. Tukakubaliana aendeshe hivyo hivyo mpaka mahindi yauzwe, asibebe mzigo mzito milimani, na aniletee gari siku sauti itakapogeuka kutoka kuimba kuwa kusaga. Beringi zenyewe zina namba ubavuni, na mwenye namba mkononi pale Gerezani, Dar, haulizwi gari ni la mwaka gani.

Kabla sijampa ufunguo nilichukua rangi nyeupe na brashi ya mtoto ya shule, nikaandika kwenye boksi, pembeni ya nati ya kujazia: OILI YA INJINI 15W-40. Kwenye difu nikaandika: YA GIA, 80W-90 GL-5. Herufi kubwa, asiyeziona awe ameamua makusudi kutoziona.

Septemba akanipigia simu kutoka Makambako, alikokuwa amekwenda kubadilisha breki. Fundi wa huko alikuwa chini ya gari.

"Kijana," akasema, "kuna mtu hapa anataka kuongea na wewe. Anauliza ni nani aliyeniandikia uongo huu."